Mguu wa Mkaguzi

Sindano hakumchukia shemeji yake. Kuchukia ni kazi, na kazi alikuwa nayo ya kutosha. Alimdharau tu, kwa kuwa dharau haimzuii mtu kushona.

Alimwita Sponji kwa sababu ya kitambi. "Sponji ya daraja la tatu," alikuwa akiwaeleza watu, "ile inayofura haraka na kubonyea haraka." Mtaa ukacheka, jina likashika, na mwenyewe, ambaye aibu hakuwa nayo hata ya kuazima, akaanza kuitika. Ama jina la Sindano, wageni walidhani ni kwa sababu ya ushonaji. Hao walikuwa bado hawajaongea naye.

Karakana ilikuwa ya marehemu baba yao Sindano na mdogo wake: chumba kirefu chenye meza ya kukatia, cherehani mbili, marobota ya vitambaa yaliyosimamishwa kwenye kona, na vumbi la sponji lililokaa juu ya kila kitu mpaka ndani ya birika la chai. Walitengeneza makochi mapya na kuyavisha upya ya zamani, na mapazia pembeni. Sindano alishona. Mdogo wake, mke wa Sponji, alikata vitambaa, naye alikuwa mpole kiasi kwamba mkasi wake ulisikika kuliko yeye. Sponji alifanya kazi ya mdomo. Alipokea wateja, alijibu simu, aliahidi kwa wiki moja kochi la wiki tatu, alipiga chuku na kucheka mwenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Sindano, na hili la kwetu halina hata mfuniko. Kwake yeye, shemeji alikuwa ameingia karakanani na ndoa kama mchanga unavyoingia nyumbani na kiatu.

Wa nne alikuwa mbwa.

Marehemu baba alimwokota karibu na jalala, akiwa kitoto cha kushika kwa kiganja, katika mwaka wake wa mwisho wa uhai, akamlaza kwenye boksi la mabaki ya sponji. Mzee alikuwa na desturi moja asiyoivunja: mto wa kochi ukishajazwa na kufungwa zipu, lazima upigwe makofi mawili. "La kwanza ni la sponji, ikae kwenye pembe," aliwafundisha binti zake. "La pili ni la mteja, ajue tumemaliza." Mto usiopigwa, kwake yeye, ulikuwa gunia tu. Mbwa akakua akiyasikia makofi hayo. Akajifunza kwamba makofi mawili maana yake ni kochi jipya, na kochi jipya maana yake ni kuruka juu, kujizungusha na kujilaza kama mwenye nyumba. Badala ya kumfukuza, mzee alicheka mpaka akakohoa, akampa jina la Mkaguzi. Tangu hapo kochi lisilopandwa na Mkaguzi halikutoka mlangoni. Wateja walipenda, na wengine walikuja na watoto wao kutazama.

Na huyo ndiye mbwa ambaye Sponji alimvunja mguu.

Habari hiyo Sindano alimsimulia kila aliyesimama kusikiliza, na wengine waliokuwa wanapita tu. Kochi la watu watatu lilikuwa juu ya meza ya kazi, halijafungwa miguu. Yeye mwenyewe ndiyo kwanza amemaliza kupanga mto wa mwisho, akawa ameinama kuokota kipande cha uzi. "Na bwana mkubwa kasimama hapo hapo," alisema, akiigiza kwa mikono yake, "simu mkono huu, kikombe cha chai mkono huu, utadhani waziri. Anamwambia mteja, 'Kochi lako limekwisha, Mkaguzi anapanda sasa hivi!' Anajionyesha kwa mtu asiyemwona! Mara, pa! pa! Makofi hayo. Na mbwa, maskini, atajuaje kwamba kochi liko juu ya meza? Akaruka. Kochi likateleza, mbwa akaangukia kati ya meza na ukuta, paja likavunjika. Na chai yote ikamwagikia kitambaa cha watu."

Kila alipofika hapo mdogo wake alisema, "Dada, basi," na Sponji akatabasamu. Tabasamu hilo lilimkera Sindano kuliko mguu wenyewe. Mtu mwenye utu angalau angeinamisha kichwa.

Daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchoka, aliufungua mguu, akauunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu, akawarudishia mbwa aliyenyolewa paja zima, mshono mrefu umepita juu yake. Sindano aliutazama mshono ule kwa jicho la kazi akaona umenyooka, jambo ambalo hakulisema. Kisha daktari akatoa masharti. Asiruke. Asipande ngazi. Asitembee kwenye sakafu inayoteleza. Akitoka kujisaidia, ainuliwe sehemu ya nyuma kwa kitambaa kilichopitishwa chini ya tumbo.

"Mfupa wa mbwa wa umri huu unashika polepole," alisema. "Akiruka kabla haujashika, skrubu zitang'oka, na mimi sitakuwa na mfupa wa kuzishikiza tena. Kitakachobaki ni kuukata mguu."

"Nitamuuguza mimi," Sponji alisema.

"Wewe?" Sindano alicheka mbele ya daktari. "Wewe hata ua la plastiki likikunyaukia mimi sitashangaa."

Basi akamchukua yeye, akamuuguza kifundi. Alitafuta fremu ya kochi la zamani, tupu, bila springi wala mikanda, akailaza karibu na cherehani yake, akaitia kilango cha ubao, ikawa chumba cha mgonjwa. Alitandika mabaki ya zulia kutoka kwenye fremu mpaka mlango wa uani ili makucha yasiteleze. Ile kola ya plastiki ya kumzuia asijilambe, ambayo mbwa aligonga nayo kila mguu wa meza, aliitupa nje, akashona nyingine ya sponji, nene na ya mviringo, ikamkaa shingoni kama tairi. Na kwa mikanda ile ile inayobeba springi za makochi, akaivisha mahameli ndani isimchubue, akatengeneza mbeleko ya kumwinulia nyuma. Vidonge alivificha ndani ya vipande vya ini. Mwanzoni alimwekea barafu iliyofungwa kwenye taulo; uvimbe ulipopungua akaanza kumkanda paja na kuukunja mguu taratibu, kama daktari alivyomwonyesha, mpaka Mkaguzi akaacha kunung'unika.

Mtaa haukukosa la kusema. "Sindano, umejifungua lini?" jirani mmoja alimuuliza, alipomwona uani akimtembeza mbwa kwa mbeleko.

"Wangu ana chuma mguuni na bado anajitahidi kusimama," Sindano alimjibu bila kugeuka. "Wako, lile jitu linalolala mpaka saa sita, lina nini?"

Jirani aliingia ndani akafunga mlango.

Mbwa naye alipata fungu lake. Sindano alimwita mpumbavu, alimwita mzigo, alimwambia kwamba mbwa wenye akili hulinda nyumba na hawalali kwenye makochi ya watu. Alisema hampendi, na alisema hivyo akiwa amepiga magoti chini, akimfuta mkojo tumboni kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Ukweli ni kwamba aliogopa. Baba alikuwa ameacha nyundo, mikasi, meza na jina juu ya mlango, lakini hivyo vyote vilinyamaza kimya. Mkaguzi peke yake ndiye aliyekuwa bado anafanya kitu alichofanya mbele ya baba, vile vile, kila kochi lilipokwisha. Mguu ule ukikatwa, asingeruka tena, na Sindano alihisi kwamba siku hiyo karakana ingekuwa ya Sponji kabisa, mdomo mtupu kuanzia mlangoni mpaka uani. Usiku alilala akiwaza skrubu.

Kwa hiyo akatoa amri. Mpaka daktari apige picha ya mfupa na kusema umeshika, hakuna mtu kupiga mto makofi pale karakanani. Hakuna.

"Hasa wewe," alimwambia shemeji yake.

"Sawa, shemeji," Sponji alisema.

Kesho yake ndipo Sponji alipofanya jambo lililomkata Sindano maini. Alikuja mapema, akavua saa, akakunja mikono ya shati, akasimama kwenye meza ya kujazia mito. "Shemeji, kwa sasa wewe chukua mapazia na zile kamba za pembeni mwa mito," alisema. "Mito nitajaza mimi."

"Utajaza wewe?"

"Mbwa anakuchosha. Pumzika kidogo na kazi nyepesi."

Mapazia! Pindo zilizonyooka, kazi ya mtu aliyeshika cherehani jana! Yeye ambaye baba alimkabidhi mito akiwa bado na sare za shule! Sindano alitaka kumrushia mkasi, ila ulikuwa mkasi wa baba. Alimvuta mdogo wake uani.

"Mumeo ananivua cheo ndani ya nyumba ya baba yangu."

"Siyo hivyo, dada."

"Ni vipi basi?"

Mdogo wake aliangalia zulia. "Ni vile alivyosema. Unachoka."

"Umemeza ulimi wako, umebaki na wa kwake," Sindano alimwambia, akarudi kwenye mapazia.

Mito ya Sponji ilikuwa balaa. Alisukuma sponji kwa magoti huku akitoka jasho, akafunga zipu kwa kuzibembeleza, kisha badala ya kupiga makofi akawa anaukandamiza mto taratibu kwa kiwiko, utadhani anamlaza mtoto. Pembe zilining'inia kama masikio ya mbuzi. Sindano alizitazama kila siku na moyo wake ukaburudika kidogo. Subirini, aliwaza. Atakuja mteja mwenye macho, na mwenye macho haambiwi tazama.

Wakati huo huo Mkaguzi alikuwa anapona. Kwanza aligusisha ncha ya kidole chini. Halafu akaanza kuukanyagia mguu, kwa woga, kama anayejaribu maji ya kuoga. Manyoya yakaota juu ya mshono. Daktari alikuja akambonyeza, akasema anaridhika, na kwamba wiki inayofuata angepiga picha. Ikiwa safi, mbwa atakuwa huru. "Bado wiki," alirudia akiwa mlangoni. "Ndiyo wiki wanayoharibu watu wengi, kwa sababu mbwa anaonekana mzima."

"Mwambie huyo," Sindano alisema, akimwonyesha Sponji kwa kidevu.

Katika wiki hiyo ndipo alipokuja mwalimu mkuu.

Alikuwa amestaafu ualimu lakini ualimu haukuwa umemstaafu. Mama mrefu, miwani kwenye kamba, aliyeingia karakanani kukagua makochi yake mapya na kusimama kwanza katikati ya chumba akisubiri kelele ziishe, ingawa hapakuwa na kelele. Sponji alimpokea kwa maneno kumi pale ambapo mawili yangetosha. Alimvutia kiti, akamwagizia chai, akamsifia viatu. Sindano alikuwa kwenye pindo la pazia, akisikiliza kwa sikio moja na kukunja pua.

"Na yule mbwa wenu?" mwalimu mkuu aliuliza. "Nimeambiwa kochi lisilopandwa na yeye halitoki."

"Bado mgonjwa, Mwalimu," Sponji alisema. "Kochi lako tutaliruhusu litoke bila yeye."

Mtu mwingine angenyamaza. Lakini Sindano alikuwa ameteseka na mgonjwa wake wiki na wiki, na sifa zote alizopata zilikuwa kicheko cha majirani. Aliacha pazia, akafungua fremu, akamtoa Mkaguzi kwa mbeleko mpaka katikati ya zulia. Kisha, taratibu, kama fundi anayefunua kochi mbele ya mwenyewe, akaivua mbeleko.

"Tazama, Mwalimu. Huyu alikuja hapa hawezi kusimama."

Mkaguzi alitembea. Alitembea kwa miguu minne mpaka kwa mgeni, akanusa viatu vilivyosifiwa, akarudi. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika, na Sindano alihisi joto la furaha kifuani ambalo hakuwa amelihisi tangu msiba wa baba.

"Shemeji," Sponji alisema, "mrudishe kwanza kwenye fremu."

"Nimrudishe kwa nini? Unaogopa watu waone kazi ya mikono ya watu?"

"Mrudishe tu, nakuomba."

"Kunywa chai yako."

Mwalimu mkuu alikuwa amehamia kwenye kochi. Alibonyeza mto wa kwanza, wa pili, akaushika wa tatu pembeni, akainua pembe yake kwa vidole viwili, kama anayeinua daftari la mwanafunzi mchafu.

"Mto huu una njaa," alisema.

Ilikuwa sauti tamu kuliko zote. Sindano alikuwa ameshafika pale kabla sentensi haijatua. "Si wangu huo, Mwalimu! Mito yangu hainaga njaa. Huo umejazwa na mtu wa simu."

"Nitaurekebisha mimi," Sponji alisema, akiweka kikombe chini haraka. "Shemeji, uache. Niachie mimi."

"Wewe kaa pembeni, umeshatuaibisha vya kutosha."

Akafungua zipu kwa mkupuo mmoja. Akang'oa mabonge aliyoyashindilia shemeji yake, akayatupa miguuni mwake moja baada ya jingine, ili mwalimu mkuu ayahesabu. Akachukua vipande safi, akavisukuma pembeni kwa ngumi mpaka pembe zikasimama. Vidole vyake vilikuwa na njaa ya kazi hiyo kuliko mto wenyewe. Alimwona Sponji akija kusimama kati ya kochi na zulia, mikono imemlegea, macho yamemtoka, akafikiri: amekuja kuziba ili mteja asione. Akafunga zipu. Akauweka mto mahali pake. Ulikaa vizuri, umejaa, umenyooka, mto ambao baba yake angeukalia.

Pa! Pa!

Alisikia makucha kwenye zulia kabla hajajua ni makucha ya nani. Mkaguzi alikuwa ameshaondoka chini, masikio nyuma, kola ya sponji shingoni, amejirusha kwa furaha yote ya wiki alizofungiwa. Na Sponji, mtu ambaye Sindano hakuwahi kumwona akikimbilia kitu chochote isipokuwa simu, alimdaka hewani kwa mikono miwili, akaanguka naye chali kwenye sakafu. Kitambi kile kilibonyea, kikampokea mbwa mzima mzima, na chuma chake na skrubu zake zote.

Mwalimu mkuu alipiga kelele. Mdogo wake Sindano aliangusha mkasi. Sindano alipiga magoti, akaupapasa mguu kuanzia nyonga mpaka ukucha, akaukunja, akaunyoosha. Hapakuwa na kitu kilicholia ndani. Mkaguzi alijinasua, akasimama kwa miguu minne juu ya tumbo la mtu, akatikisa mkia, akitazama kochi.

Ndipo hofu ilipogeuka, ikawa hasira, kama hofu ya Sindano ilivyogeuka kila siku.

"Nani kapiga mto?" alifoka. "Nilisema nini hapa? Nani kapiga mto?"

Sponji alikuwa bado anatafuta pumzi. Mdogo wake alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ni wewe, mama," mwalimu mkuu alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Kwa mkono huo."

Sindano aliutazama mkono wake wa kulia. Kiganja kilikuwa bado kina joto.

"Ni mazoea tu, Mwalimu," Sponji alisema kutoka chini, kwa sauti ya kukwaruza. "Hajisikii anapopiga. Anapiga hata mkate akiutoa kwenye mfuko."

"Na mito ya kitandani," mdogo wake alisema polepole. "Nimeihamisha yote, dada. Hukuona?"

Hakuwa ameona. Aliona sasa, kwa mkupuo mmoja, mapazia, kamba za pembeni, kazi nyepesi, na mtu mzima akikandamiza mito kwa kiwiko mbele ya macho yake ya dharau. Alitafuta mahali pa kushika asianguke, akapapata pale pale alipopazoea.

"Haya, leo ni mimi," alisema. "Mara moja tu, nimeghafilika. Lakini Mwalimu usidhani ni mimi niliyemfikisha hapa. Muulize huyu! Kochi liko juu ya meza, mto wa mwisho nimeuweka kwa mikono yangu, nimeinama. Na yeye kasimama, simu mkono huu," akainua mkono wa kushoto mpaka sikioni, "kikombe cha chai mkono huu," akainua wa kulia mpaka kifuani, "anapiga domo. Mara akaupiga mto, pa! pa!"

Mwalimu mkuu alimtazama juu ya miwani.

"Kwa mkono upi?"

Aliuliza tu, kama walimu wanavyouliza, hakukusudia kuumiza mtu. Sindano alifungua mdomo ajibu. Alikuwa amesimama mikono yote miwili juu, mmoja na simu ambayo haikuwepo, mwingine na kikombe ambacho hakikuwepo, wala hakubakiwa na wa tatu. Hadithi ile alikuwa ameisimulia kwa daktari, kwa majirani, kwa wateja, kwa mpita njia anayetafuta choo. Kila mara aliinua mikono hiyo miwili, na kila mara mdogo wake alisema neno moja.

"Dada," mdogo wake alisema. "Basi."

Mikono ilishuka yenyewe. Sponji alikuwa ameinuka, anajikung'uta vumbi la sponji makalioni. Alikuwa ameshika tabasamu lake lile lile, na Sindano aliona sasa kwamba halikuwa la kukosa haya. Lilikuwa la mtu anayengoja mvua ipite.

"Mwalimu, chai yako itapoa," Sponji alisema. "Mambo ya zamani hayo. Ni mimi na simu zangu."

"Kwa nini hukusema?" Sindano alimuuliza. Sauti ilimtoka ndogo, hakuitambua. "Siku ile ile. Kwa nini hukuniambia?"

Sponji alifikiri.

"Ungeniamini, shemeji?"

Sindano alikuwa na maneno ya kumjibu kila mtu mtaani, aliye hai na aliyekufa, na kwa swali hilo hakupata hata moja. Alijidharau, waziwazi na bila kujihurumia, kama alivyowadharau wengine, na akagundua kwamba dharau ile ikikupata wewe mwenyewe haikuachii nafasi hata ya kushona.

Aliinama akamvisha Mkaguzi mbeleko, akamrudisha kwenye fremu, akaifunga. Kisha akaenda kwenye kona, akakata kipande cha mkanda, ule wa kubebea springi, akarudi mbele ya shemeji yake na kunyoosha mkono wa kulia.

"Funga," alimwambia.

"Shemeji, acha utani."

"Ufunge kwenye mshipi wangu. Mpaka daktari apige picha."

Sponji alimwangalia mkewe, akamwangalia mwalimu mkuu, akacheka kidogo peke yake kama alivyozoea. Mkono wa Sindano haukushuka. Basi akauchukua mkanda, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono, akaupitisha kwenye mshipi, akahangaika nao huku ametoa ncha ya ulimi, akafunga.

Lilikuwa fundo bovu, la mtu asiyejua kufunga hata mfuko wa chumvi. Sindano aliliona. Akaketi kwenye cherehani kwa mkono mmoja, akavuta pazia lake, akanyamaza.